Harald Jino la Buluu: Mfalme wa kale anayetajwa kila siku madukani Tanga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

UKIPITA jioni katika maduka ya simu ya Ngamiani, jijini Tanga, hutakosa kusikia neno Bluetooth likitajwa. Mnunuzi ameshika kijisanduku kidogo chenye eafoni mbili zisizo na waya, anauliza kama zitakubaliana na simu yake mpya. Mwingine ana simu ya miaka mingi na anataka kujua kama itazipokea eafoni zilizoandikwa namba kubwa kuliko ya simu yenyewe.

Swali hilo si dogo kwa mtu aliyedunduliza fedha yake. Akikosea, atarudi nyumbani na kifaa kisichotoa sauti. Akiogopa bila sababu, atatupa simu nzima ambayo ingemfaa miaka kadhaa zaidi.

Ni wachache, miongoni mwa wanaolitaja neno hilo, wanaojua kuwa ni jina la mtu. Mtu huyo hakuwa fundi wala mfanyabiashara. Alikuwa mfalme aliyeitwa Harald, aliyetawala Denmark, kaskazini mwa Ulaya, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa lugha ya kwao amebaki kujulikana kama Harald Blåtand, yaani Harald Jino la Buluu.

Makala haya yanasimulia maisha ya mfalme huyo, namna jina lake lilivyoingia ndani ya simu zetu, na jinsi habari zake zinavyoweza kumsaidia mnunuzi wa Ngamiani kupata jibu.

Mwana wa Gorm

Harald alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 10. Baba yake alikuwa Mfalme Gorm, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Gorm Mzee, na mama yake aliitwa Thyra. Makao ya ukoo wao yalikuwa Jelling, katika rasi ya Jutland, ambayo ndiyo sehemu ya bara ya Denmark.

Mtu wa pwani ya Tanga hapati taabu kuiona nchi hiyo akilini. Ni nchi ya ghuba, visiwa na mikondo ya bahari, ambako kwa karne nyingi maji ndiyo yaliyokuwa barabara kuu. Tofauti ni baridi. Badala ya mikoko na minazi, kulikuwa na misitu ya mialoni iliyotoa mbao za kuundia vyombo vya baharini.

Watu wa huko, wanaojulikana katika historia kama Waviking, walikuwa wakulima, wafanyabiashara na, ilipobidi au ilipowapendeza, wavamizi. Kila eneo lilikuwa na wakubwa wake, na utii kwa mfalme mmoja haukuwa jambo la kutegemewa.

Ikumbukwe kuwa katika karne hiyo hiyo pwani yetu nayo haikuwa imelala. Mwaka 916 hivi, msafiri al-Masudi wa Baghdad alifika Qanbalu, mahali ambapo wataalamu wengi wanaamini kuwa ni kisiwani Pemba, ng'ambo ya mkondo unaokitenganisha kisiwa hicho na Tanga. Aliandika kuhusu Waislamu walioishi huko na kuhusu pembe za ndovu zilizosafirishwa hadi Oman, na kutoka huko kwenda India na China.

Biashara ya Waarabu ilifika pia kaskazini kabisa mwa dunia. Dirhamu za fedha za Kiarabu zimefukuliwa kwa maelfu katika ardhi ya nchi za Skandinavia. Waviking walizipokea bila kujua kusoma maandishi yake, kwa sababu waliziweka mizanini na kuzithamini kwa uzito. Wageni wasioelewana lugha waliweza kufanya biashara kwa kuwa walikubaliana juu ya kipimo kimoja.

Jiwe la Jelling

Gorm alifariki dunia karibu mwaka 958. Wataalamu wameupata mwaka huo kwa kuhesabu mizunguko ya miti iliyojengea chumba cha kaburi, ndani ya kilima cha udongo kilichorundikwa Jelling. Harald akashika ufalme.

Kumbukumbu kubwa aliyoiacha ni jiwe lililosimamishwa Jelling, kati ya vilima viwili vikubwa vya udongo. Lina kimo cha zaidi ya mita mbili, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 10 hivi. Upande mmoja umechongwa mnyama aliyezongwa na nyoka, upande mwingine sura ya Kristo, na maandishi yake ni ya herufi za kale za kaskazini ziitwazo runi.

Kwa maandishi hayo, Harald anaeleza kuwa ameliweka jiwe kwa kuwakumbuka baba yake Gorm na mama yake Thyra. Kisha anajitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyejipatia Denmark yote na Norway, na aliyewafanya Wadenmark kuwa Wakristo.

Wadenmark huliita jiwe hilo cheti cha kuzaliwa cha taifa lao. Mwaka 1994 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliviingiza vilima, mawe ya runi na kanisa la Jelling katika orodha ya urithi wa dunia.

Aliyewahi kufika Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, na kuyaona makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa karne kadhaa baada ya Harald, ataelewa nguvu ya kumbukumbu ya namna hii. Aliyelala hapo hasemi tena, lakini jiwe linaendelea kumsemea.

Hata hivyo, jiwe husema lile tu ambalo mwenye kuliweka alitaka lisemwe. Maneno ya Jelling ni ya mfalme akijisifu, na hayaelezi kuunganisha huko kulifanyikaje wala kuligharimu nini.

Chuma cha moto

Habari ya kubatizwa kwa Harald iliandikwa na mtawa wa Kijerumani, Widukind wa Corvey, aliyeishi wakati mmoja naye. Kwa mujibu wa masimulizi yake, ulizuka ubishi karamuni mbele ya mfalme. Wadenmark walikubali kuwa Kristo ni mungu, lakini wakashikilia kuwa miungu yao ilikuwa mikubwa zaidi. Padri aliyeitwa Poppo akasimama na kusema kuwa Mungu ni mmoja tu.

Harald akamtaka padri athibitishe imani yake. Kesho yake ikaletwa chuma kizito kilichopashwa moto, naye Poppo akakibeba mkononi hadi mfalme aliporidhika. Inasimuliwa kuwa mkono ulionyeshwa kwa watu ukiwa mzima, na hapo Harald akaipokea dini mpya. Tukio hilo huwekwa karibu na mwaka 965.

Wanahistoria wanaongeza sababu nyingine. Kusini mwa Denmark palikuwa na dola kubwa ya Wajerumani chini ya Kaizari Otto wa Kwanza. Mfalme Mkristo alimnyima jirani huyo kisingizio cha kuivamia nchi kwa jina la dini. Yawezekana imani na hesabu za utawala zilikwenda pamoja, kama ilivyotokea kwa watawala wengi duniani.

Ngome za kipimo kimoja

Kuhusu Norway, Harald hakuitawala kwa kukaa huko. Karibu mwaka 970 mfalme mmoja wa Norway aliuawa nchini Denmark, na Harald akamsimamisha Hakon, mkubwa wa eneo la Lade, awe mtawala wa huko chini yake. Utii huo ulidumu kadiri ulivyomfaa Hakon. Baadaye alijitenga na kushika njia yake.

Mpakani kusini, Harald aliimarisha boma refu la udongo na magogo liitwalo Danevirke. Mwaka 974 majeshi ya Kaizari Otto wa Pili yalimshinda na kuchukua sehemu ya mpaka huo. Alingoja miaka tisa. Mwaka 983, Wajerumani walipokuwa na matatizo kwingine, akavirudisha vilivyopotea.

Ni katika miaka hiyo, karibu na 980, ambapo zilijengwa ngome za ajabu ambazo hadi leo huwashangaza wahandisi. Zinazojulikana Denmark ni tano: Trelleborg, Fyrkat, Aggersborg, Nonnebakken na Borgring. Kila moja ni duara lililopimwa kwa usahihi mkubwa, lenye milango minne iliyoelekea pande nne. Ndani ya zile zilizohifadhika vizuri zaidi, nyumba zilipangwa kwa safu kwa vipimo vinavyolingana.

Ngome ya Trelleborg ina kipenyo cha mita 136 kwa ndani, na Aggersborg, kubwa kuliko zote, ina mita 240. Mwaka 2023 ngome hizo tano nazo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Aidha, huko Ravning, si mbali na Jelling, lilijengwa daraja la mbao lenye urefu wa mita 760 hivi kuvuka bonde lenye majimaji. Maelfu ya miti yalikatwa kwa kazi hiyo.

Kwa mara ya kwanza, mtu aliyetoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine aliweza kukuta mlango uleule, nyumba ileile na amri ileile. Lakini kazi hizo zilihitaji kodi, magogo, chakula na mikono ya watu, na hapana shaka mzigo huo uliwaelemea wananchi, wakubwa kwa wadogo.

Utafiti wa wachimbuaji wa mambo ya kale umeonyesha jambo la kusikitisha kwa mjenzi wake. Ngome zilitumika kwa miaka michache tu. Magogo yalipooza hayakubadilishwa, na daraja nalo liliachwa bila matengenezo.

Mwana amwasi baba

Karibu mwaka 986, Svein, mwana wa Harald, ambaye vizazi vya baadaye vilimwita Svein Ndevu za Uma, aliongoza uasi. Baba na mwana walikutana vitani. Harald alijeruhiwa, akashindwa, akakimbilia ng'ambo ya Bahari ya Baltiki kwa watu wa makabila ya Kislavi, na huko akafariki dunia.

Mwili wake ulirudishwa Denmark na kuzikwa Roskilde, katika kanisa alilokuwa amelijenga mwenyewe.

Mwandishi wa kanisa wa karne ya 11, Adam wa Bremen, aliueleza uasi huo kuwa ni wa watu waliotaka kurudi kwenye miungu ya zamani. Wanahistoria wa sasa wanalitazama jambo hilo kwa tahadhari, maana Svein mwenyewe hakuirudisha nchi kwenye dini ya kale. Uchovu wa mizigo ya utawala, pamoja na tamaa ya kijana ya kutawala, vyatosha kuwa sababu.

Mwaka 2018, katika kisiwa cha Rügen nchini Ujerumani, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye vipande vya mapambo na sarafu, zikiwamo sarafu zinazohusishwa na utawala wa Harald. Wataalamu walisema huenda ilizikwa katika kipindi kile kile cha kushindwa na kukimbia kwake. Aliyeizika, awe nani, hakurudi kuichukua.

Svein alikwenda kuiteka Uingereza mwaka 1013, akafariki mwaka uliofuata. Mwana wake Knut, mjukuu wa Harald, alizitawala Uingereza, Denmark na Norway. Alipofariki mwaka 1035, nchi hizo zikaanza tena kutengana.

Kuhusu jina la Jino la Buluu, maandishi ya kwanza yanayolitaja ni ya karne ya 12, zaidi ya miaka 100 baada ya Harald kuzikwa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alikuwa na jino bovu lililopoteza rangi. Neno hilo la rangi, kwa Waviking, liliweza pia kumaanisha weusi.

Jina laingia kwenye simu

Karne 10 zilipita. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, kusini mwa Sweden, mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alianza kazi ya kutafuta njia ya kuviunganisha vifaa vilivyo karibu kwa mawimbi ya redio badala ya nyaya. Baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na Msweden Sven Mattisson.

Kwa bahati, jimbo la Skåne, ambamo Lund imo, lilikuwa sehemu ya Denmark hadi mwaka 1658. Chombo chenye jina la Harald kilibuniwa katika ardhi ambayo wafalme wa Denmark waliitawala kwa karne nyingi.

Tatizo la wakati ule lilikuwa utengano. Kampuni za simu na za kompyuta zilikuwa zikitafuta, kila moja kwa upande wake, namna ya kuunganisha vifaa kwa redio. Kama kila moja ingeshika njia yake, simu ya kampuni moja isingesikilizana na kompyuta ya nyingine, na mnunuzi ndiye angebeba hasara.

Mwaka 1997 Mattisson na Jim Kardach wa kampuni ya Intel walikuwa Toronto, Kanada, kwa shughuli za kazi. Jioni, katika mazungumzo ya mapumziko, wakaingia kwenye habari za historia na za Waviking. Kardach aliporudi kwao alisoma kitabu kuhusu Waviking, akakutana na Harald na jiwe la Jelling. Akapendekeza jina la mfalme huyo litumike kwa muda, kwa kuwa kazi yao nayo ilikuwa ya kuunganisha waliotengana.

Jina rasmi lilikuwa litafutwe baadaye. Yalifikiriwa majina mawili. Moja lilionekana limekwisha kutumiwa na watu wengi mno, na la pili halikuweza kuchunguzwa kisheria kwa wakati. Siku ya kutangaza ikafika, na jina la muda likawa la kudumu.

Mwaka 1998 kampuni tano, ambazo ni Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba, zilitangaza umoja wa kusimamia kiwango hicho. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999. Ile alama tunayoiona kwenye vioo vya simu ni runi mbili zilizounganishwa, moja ya herufi H na nyingine ya herufi B, yaani herufi za mwanzo za majina ya Harald Blåtand.

Jibu kwa mnunuzi wa Ngamiani

Tangu hapo matoleo yamefuatana. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2004, la 4.0 mwaka 2010, la 5.0 mwaka 2016, na la 6.0 mwaka 2024. Namba hizo ndizo zinazochapishwa kwenye boksi, na ndizo zinazowatia watu wasiwasi.

Ukweli ni kwamba tofauti ya namba peke yake haizuii eafoni kufanya kazi. Simu na eafoni zinapokutana, kwanza huulizana kila moja inajua nini, kisha hutumia yale ambayo zote mbili zinayajua. Kwa hiyo eafoni za toleo la 4.2 huimba vizuri kwenye simu ya toleo la 5.3, na eafoni mpya za kawaida hupokelewa na simu ya zamani. Kinachopotea ni yale mapya ambayo upande mmoja haujajifunza.

Kwa muziki, simu na eafoni za kawaida hutumia utaratibu wa Bluetooth wa asili, ambao umehifadhiwa katika simu tangu enzi za mwanzo. Utaratibu huo unalazimisha kila kifaa cha muziki kijue angalau njia moja ya kufunga na kufungua sauti, iitwayo SBC. Zipo njia nyingine zenye sauti nzuri zaidi, kama AAC, aptX na LDAC, lakini hizo hutumika pale tu simu na eafoni zote mbili zinapozijua. Zisipokubaliana, zinarudi kwenye SBC na muziki unaendelea.

Jambo la kuangalia kwa makini ni utaratibu mpya uitwao LE Audio. Ulitangazwa mwaka 2020 na maelezo yake yakakamilishwa mwaka 2022. Unatumia umeme kidogo, una njia yake ya kufunga sauti iitwayo LC3, na unaweza kupeleka sauti kwa kila sikio moja kwa moja. Upo pia mfumo wake wa matangazo uitwao Auracast, unaowezesha chombo kimoja kurusha sauti kwa watu wengi kwa pamoja, mathalani katika ukumbi wa mikutano au kituo cha mabasi.

LE Audio ni kama lugha nyingine. Lazima simu na eafoni zote ziijue. Wala namba kubwa si ushahidi, kwani simu inaweza kuwa na toleo la 5.2 au la 5.3 na bado isiwe na LE Audio, maana kiwango hakimlazimishi mtengenezaji kuiweka. Anayeitaka ahakikishe inatajwa kwa jina katika maelezo ya simu na ya eafoni.

Eafoni nyingi zenye LE Audio zinajua pia utaratibu wa asili, na hivyo simu ya zamani haizikosi. Kifaa kinachojua lugha mpya peke yake ndicho kitakachonyamaza mbele ya simu isiyoijua.

Inafaa pia kukumbuka kuwa namba iliyochapishwa kwenye boksi ni maandishi, kama yalivyo maandishi ya mfalme juu ya jiwe lake. Kipimo cha kweli ni kuziunganisha eafoni na simu yako palepale dukani kabla ya kulipa, ukasikiliza wimbo mmoja mzima, kisha ukapiga simu na kumuuliza uliyempigia kama anakusikia vizuri.

Kama zinagoma, usikimbilie kulaumu toleo. Mara nyingi eafoni huwa bado zinaikumbuka simu nyingine zilizowahi kuunganishwa nayo. Zifute katika orodha ya simu ile, zirejeshe katika hali ya kuunganishwa upya, na uangalie kama simu yako inahitaji kusasishwa programu zake.

Umoja upi unaodumu?

Harald alitaka watu waliotengana wawe kitu kimoja, na kwa muda alifaulu. Jina la Denmark na dini aliyoileta vilidumu baada yake. Lakini ngome za kipimo kimoja, alizozijenga ili amri yake ifike kila mahali, hazikupata wa kuzikarabati, na aliyemwangusha alikuwa mwana wake wa kumzaa.

Kiwango kilichochukua jina lake kimefuata njia nyingine. Kampuni zilizokuwa zikishindana ziliketi na kukubaliana. Kila toleo jipya lilipotoka, mwenye kifaa cha zamani hakufungiwa mlango. Ndiyo maana, baada ya zaidi ya miaka 25, simu ya leo bado inaweza kumsikiliza mkongwe.

Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa hekima hiyo. Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mzigua na Msegeju wamekutana sokoni na bandarini kwa Kiswahili bila kulazimishwa kuiacha lugha ya nyumbani. Kila mmoja huongeza lugha ya wote juu ya ile aliyokuwa nayo.

Iwapo watengenezaji watauacha siku moja utaratibu wa asili na kubakiza ule mpya peke yake, wenye simu za zamani watakuwa wa kwanza kuumia, na wengi wao wataishi katika miji kama huu wetu, ambako simu hupita mikono miwili au mitatu kabla ya kuchoka. Kwa sasa mlango haujafungwa. Mnunuzi wa Ngamiani anaweza kununua eafoni zake bila kuitupa simu yake, mradi azijaribu kwanza.

Harald amelala Roskilde, na hakuwahi kuujua umeme, sembuse simu. Lakini kila eafoni zinapokubaliana na simu Ngamiani, Pangani au Muheza, herufi mbili za jina lake ndizo zinazoonekana juu ya kioo.